Kazi za wiki za mwanzo: namna ya kumtambua mapema mwanafunzi wa chuo anayehitaji msaada

Katika vyuo vikuu vingi nchini Tanzania, alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi na majaribio ya muhula, na 60 zinazobaki hutokana na mtihani wa mwisho. Muhula una wiki 15 hivi za kufundisha, na mara nyingi jaribio la kwanza hufanyika wiki ya sita au ya saba. Darasa likiwa na wanafunzi zaidi ya 100, hadi karatasi zisahihishwe na matokeo yabandikwe, wiki ya tisa imekwishafika. Mwanafunzi aliyepata 4 kati ya 15 hujua siku hiyo kwamba yuko pabaya, na mwalimu wake naye hujua siku hiyo hiyo, ilhali zaidi ya nusu ya muhula imekwenda na juu ya mada ambazo hakuzielewa zimekwishajengwa mada nyingine. Kinachofuata wengi tunakijua: mitihani ya marudio, kozi inayobebwa hadi mwaka unaofuata, na kwa baadhi yao barua ya kuondolewa chuoni.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuusogeza utambuzi huo hadi wiki ya pili na ya tatu, kwa kutumia kazi fupi anayoitunga mwalimu wa kozi mwenyewe. Hauhitaji kompyuta wala bajeti. Unahitaji karatasi, saa chache za kusahihisha, na mwalimu aliye tayari kuzungumza na wanafunzi wake kabla mambo hayajaharibika. Nimeuandika nikiwafikiria wakufunzi na wahadhiri wa Mtwara na Lindi, wawe wa ualimu, uhasibu, kilimo, afya au wa vyuo vikuu, kwa sababu mwanzo wa mwaka wa masomo huku kwetu una mambo yake, na asiyeyazingatia atazisoma dalili vibaya.

Ijue kwanza kalenda ya mwanafunzi

Vyuo vikuu hufungua mwaka mwishoni mwa Oktoba au ndani ya Novemba, na wakati huo huo ndio msimu wa korosho. Watu wako mashambani wanaokota, mizigo inapelekwa kwenye vyama vya msingi, na minada ya stakabadhi ghalani inaendelea. Mzazi wa Tandahimba, Newala, Masasi au Nachingwea huenda hana fedha ya ada mkononi siku chuo kinapofunguliwa. Ana korosho ghalani zinazosubiri mnada, na baada ya mnada atasubiri malipo yaingie benki. Kijana wake anaweza kufika wiki ya tatu, au akafika mapema lakini akawa hajakamilisha usajili, na asiyekamilisha usajili mara nyingi hukaa nyuma kabisa, haulizi swali, na hataki jina lake lionekane popote. Majina ya wanufaika wa Bodi ya Mikopo nayo hutoka kwa awamu, na udahili wenyewe huwa na awamu zaidi ya moja.

Liko pia suala la muda uliopita bila kusoma. Mhitimu wa kidato cha sita alifanya mtihani wake Mei. Tangu hapo wengine wamepitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wengine wamekaa dukani au shambani, na hadi Novemba wana takriban miezi sita hawajaandika aya moja ya kitaaluma. Makosa mengi ya wiki ya kwanza ni kutu tu, na kutu hutoka kwa kutumika. Ndiyo maana ninashauri kazi ya kwanza itolewe wiki ya pili, si ya kwanza, na iwekewe siku ya pili katika wiki ya nne kwa ajili ya waliochelewa kufika. Katika muhula wa pili siku hiyo ya ziada ni ya lazima zaidi, kwa kuwa mvua huweza kukata barabara, kama ilivyotokea Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoharibu barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi upande wa Somanga na wasafiri wakakwama.

Kutunga kazi yenyewe

Kazi ya utambuzi inapaswa kuwa fupi kiasi cha kusomeka kwa dakika tatu. Wanafunzi 120 kwa dakika tatu ni saa sita, yaani jioni tatu za kazi. Ukitunga swali la kurasa nne hutalisahihisha kwa wakati, na kazi inayorudishwa baada ya mwezi haina tofauti na jaribio la kawaida. Ipe alama chache, tuseme 3 kati ya zile 40, na uzitoe kwa aliyeifanya kikamilifu bila kujali kama amepata au amekosa. Waeleze wanafunzi hivyo waziwazi tangu mwanzo. Mwanafunzi anayejua kwamba hataadhibiwa kwa kukosea hana haja kubwa ya kunakili kwa jirani, na wewe utaona uwezo wake halisi.

Igawe sehemu mbili. Ya kwanza ifanyike darasani kwa dakika 30, kwa kalamu na karatasi. Ya pili aende nayo nyumbani na kuirudisha baada ya siku tatu. Sehemu ya darasani inakuonyesha anachokijua na namna anavyofikiri. Ya nyumbani inakuonyesha kama ana muda, mahali pa kusomea na mazoea ya kutimiza ahadi. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja daima. Wako wenye akili nyepesi wasiorudisha kazi, na wako wanaohangaika mno ambao hawakosi tarehe hata moja.

Huu ni mfano wa sehemu ya darasani kwa kozi ya utangulizi wa uhasibu au uchumi, ambao kwa kawaida utaandikwa kwa Kiingereza kama kozi yenyewe inavyofundishwa. Mkulima amepeleka kilo 480 za korosho ghafi kwenye chama cha msingi. Bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo, na makato ni shilingi 250 kwa kila kilo. Mkulima anadaiwa shilingi 180,000 za salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Atabaki na kiasi gani? Onyesha hatua zote. Kisha eleza kwa sentensi tano kwa nini si busara kwa mkulima huyu kupanga matumizi yake kwa kutazama bei ya mnada peke yake. Mwisho, andika jambo moja katika mihadhara miwili iliyopita ambalo hujalielewa. Hapa unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili.

Mwalimu wa afya anaweza kubadilisha korosho kuwa kipimo cha dawa kwa uzito wa mtoto, na wa ualimu akatoa aya ya kusoma na kufupisha. Muhimu ni kwamba swali liwe na mambo matatu ndani yake: kusoma maelekezo, kufanya hatua zinazofuatana, na kueleza kwa maneno yako mwenyewe. Ukipima jambo moja tu, utawaona walioshindwa bila kujua wameshindwa wapi.

Kusoma karatasi kwa kutafuta sababu

Hapa ndipo penye kazi. Alama peke yake haikwambii kitu, kwa kuwa karatasi tatu zenye alama ile ile zinaweza kuwa na matatizo matatu yasiyohusiana. Jibu sahihi la swali la juu ni shilingi 1,140,000: jumla ya mauzo 1,440,000, ukitoa makato 120,000 na deni 180,000. Chukua wanafunzi watatu ambao hawakulipata.

Wa kwanza ameandika 1,259,750. Hatua zake ni safi na hesabu yake haina kosa lolote; ametoa 250 badala ya 120,000. Maneno "kwa kila kilo" ameyapita bila kuyaona, au ameyaona kwa Kiingereza na hayakumwambia kitu. Chini yake, katika sentensi tano, ameandika mbili na ya pili imekatika katikati. Lakini pale aliporuhusiwa Kiswahili ameeleza kwa mistari sita, kwa mpangilio mzuri, kwamba haelewi tofauti ya faida na fedha taslimu, na ametoa mfano wa duka la mama yake. Huyu anafikiri vizuri kabisa. Anachohitaji ni msaada wa lugha ya kufundishia, na ukimpeleka kwenye darasa la ziada la hesabu utampotezea jioni zake.

Wa pili amezidisha 480 kwa 3,000 akapata 144,000, akatoa 120,000, kisha akatoa 180,000, akafika hasi 156,000. Ukiitazama karatasi kwa makini utaona alama ya kutoa iliyokuwa mbele ya namba hiyo imefutwa kwa kalamu, ikabaki 156,000. Mfuto huo mdogo una maana kubwa kuliko sifuri aliyoidondosha. Alijua kwamba mkulima hawezi kuuza korosho akaondoka na deni zaidi, alijua kuna kosa mahali, lakini hakuwa na mazoea ya kurudi nyuma kulitafuta, akaamua kulificha. Kinachomfaa ni kukaa na mtu anayemwonyesha namna ya kukadiria jibu kabla ya kulitafuta na namna ya kukagua hatua zake.

Wa tatu ameacha hesabu tupu, na sentensi tano za darasani ni za kubahatisha. Siku tatu baadaye kazi yake ya nyumbani imekuja imechapwa, Kiingereza chake kimenyooka kama cha kitabu, na hakuna neno moja linalofanana na mwandiko wake wa darasani. Huenda ni kazi ya rafiki, huenda ni ya programu ya akili unde kwenye simu. Usikimbilie nidhamu katika wiki ya pili. Weka karatasi mbili pamoja, mwite, na umwombe akueleze kwa mdomo aya ya kwanza. Mara nyingi utakuta kijana aliyeingiwa na hofu mapema mno, ambaye ameamua kwamba maneno yake mwenyewe hayafai kuonekana, na hofu hiyo ndiyo inayotakiwa kushughulikiwa.

Kisha wako wale ambao huna karatasi yao. Kwa maoni yangu hawa ndio wa kuanza nao, kabla hata hujamaliza kusahihisha. Kazi rahisi, ya alama za bure, isiporudishwa, ipo sababu, na mara chache sababu hiyo ni uvivu. Huyu hajapata chumba na analala kwa jamaa Mikindani au Naliendele, nauli inamshinda. Yule anaumwa malaria. Mwingine fedha za mkopo, zile wanazoziita bumu, hazijaingia, na anafanya kibarua cha jioni ili ale. Mwingine amekwenda nyumbani kusaidia kuokota korosho na amekusudia kurudi. Wafuatilie ndani ya siku mbili.

Daftari la ufuatiliaji

Fungua daftari la kawaida, au jedwali kwenye kompyuta kama unayo, lenye jina, mahudhurio ya wiki mbili za kwanza, kama sehemu zote mbili za kazi zimerudishwa, aina ya ugumu ulioonekana, hatua iliyochukuliwa na tarehe yake. Katika aina ya ugumu andika maneno machache yanayoelezeka, kama "kusoma maelekezo", "mpangilio wa hatua", "hajarudisha", "karatasi mbili hazilingani". Usiandike "dhaifu". Neno hilo halikwambii la kufanya, na likisomwa na mwalimu mwingine litamfuata mwanafunzi miaka mitatu.

Daftari hili ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa za namna hii, lakini hata bila sheria, orodha ya wanaohitaji msaada haibandikwi ukutani wala haitumwi kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Nimeona orodha za aina hiyo zikisambaa, na waliotajwa wakaacha kabisa kukaa viti vya mbele. Unapomtumia kiongozi wa darasa kumwita mtu, changanya majina: waite pia waliofanya vizuri, ili kuitwa ofisini kusiwe na maana moja tu.

Katika nchi zenye uwezo kazi hii hufanywa na mashine. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilianzisha mfumo ulioitwa Course Signals, uliomwonyesha mwanafunzi rangi ya kijani, njano au nyekundu kulingana na mwenendo wake katika kozi. Ulisifiwa sana, kisha mwaka 2013 watafiti wakahoji kama kweli ndio uliowafanya wanafunzi wabaki chuoni, kwa kuwa mwanafunzi anayebaki muda mrefu atakutana na kozi nyingi zenye mfumo huo hata kama haukumsaidia lolote. Mwalimu wa Mtwara mwenye daftari hajanyimwa kitu kikubwa. Rangi nyekundu haijamfundisha mtu. Kinachofuata baada yake ndicho chenye uzito.

Mazungumzo ya dakika kumi

Mwite mwanafunzi kabla wiki ya tatu haijaisha, mmoja mmoja, mahali ambapo mnaonekana lakini hamsikiki: barazani, chini ya mwembe, au ofisini mlango ukiwa wazi. Tahadhari hii inawalinda nyote wawili, hasa mwalimu wa kiume anapozungumza na mwanafunzi wa kike.

Tatizo kubwa la mazungumzo haya ni adabu. Kijana aliyelelewa vizuri hamwambii mkubwa kwamba hakuelewa, kwa kuwa ni kama kumwambia kwamba amefundisha vibaya. Ukimuuliza "Umeelewa?" atajibu "Nimeelewa, mwalimu", na ukimuuliza "Una tatizo gani?" atajibu "Hakuna, mwalimu, namshukuru Mungu". Kwa hiyo usiulize maswali yanayojibika hivyo. Weka karatasi yake mezani na uanze na kitu kinachoonekana. Baada ya shikamoo na marahaba, sema: "Nimependa ulivyopanga hatua zako. Hebu nisomee sentensi hii ya swali, kisha uniambie kwa Kiswahili inataka nini." Au: "Hapa ulifuta kitu. Ulikuwa umeona nini?" Kisha nyamaza umpe muda. Mwanafunzi atakueleza mengi kuhusu karatasi ambayo asingeyaeleza kuhusu nafsi yake, na kutoka kwenye karatasi mtafika kwenye chumba kisicho na umeme au ada isiyolipwa bila kulazimisha.

Yapo maswali manne ambayo huwa hayakosi kufungua njia: unakaa wapi na unakuja chuoni kwa njia gani, unasoma saa ngapi na mahali gani, unasoma na nani, na kitini cha kozi umekipata kwa namna gani. La tatu lina uzito wa pekee. Vincent Tinto, mwanazuoni wa Marekani, aliandika mwaka 1975 kwamba anayeacha chuo mara nyingi ni yule ambaye hakupata kuungana na maisha ya chuo, ya kimasomo na ya kijamii pia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye katika wiki ya tatu hana mtu hata mmoja wa kusoma naye, mtie alama kwenye daftari hata kama alama zake ni nzuri.

Malizia kwa jambo moja la kufanya na tarehe yake. Moja tu. "Alhamisi ijayo niletee swali la pili umelifanya upya" linatosha. Kumpa mtu aliyelemewa orodha ya mambo saba ni kumwongezea mzigo.

Kupeleka msaada unaolingana

Wenye ugumu wa lugha waundie kikundi cha saa moja kwa wiki ambacho kazi yake ni kusoma maswali ya miaka iliyopita na kuyaeleza kwa Kiswahili kabla ya kuyajibu kwa Kiingereza. Kikundi hiki kinaweza kuongozwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, na uzuri wake ni kwamba anayeongoza anakumbuka bado mahali palipomsumbua. Wenye ugumu wa hatua za hesabu wagawe wawili wawili pamoja na wenzao wanaoelewa, lakini masharti yawe kwamba anayeelewa haruhusiwi kushika kalamu.

Mambo ya fedha, makazi, ugonjwa na msiba usiyabebe peke yako. Mpeleke mwanafunzi kwa mlezi wa wanafunzi, na ikiwezekana fuatana naye hadi mlangoni, maana "nenda ofisi fulani" kwa mgeni wa chuo huwa ni safari isiyokwisha. Kuhusu ada, ofisi nyingi za fedha hukubali kulipwa kwa awamu endapo mwanafunzi ataeleza mapema kwa maandishi; anayesubiri hadi wiki ya mtihani ndiye anayezuiwa. Mweleze hivyo mzazi anayesubiri mnada pia, kwa simu, kama mwanafunzi ameridhia.

Kazi ya pili na marekebisho

Wiki ya nne au ya tano toa kazi nyingine ya ukubwa ule ule, yenye ugumu wa aina ile ile lakini hadithi tofauti. Linganisha karatasi mbili za kila aliye kwenye daftari. Aliyesogea, hata kidogo, mwambie kwa maneno ni wapi amesogea. Asiyesogea pamoja na kusaidiwa, tafuta upya sababu, kwani huenda uliisoma vibaya mara ya kwanza. Mara nyingine kinachoonekana kama kutoelewa ni macho yasiyoona ubao, na kumhamishia kiti cha mbele au kumpeleka kliniki ya macho hospitali ya Ligula, Mtwara, au Sokoine, Lindi, kunafanya kile ambacho vikundi havikuweza.

Jaribio la kwanza likisahihishwa, rudi kwenye daftari uone ni nani wameanguka ambao hukuwaona mapema. Soma tena kazi zao za wiki ya pili. Ikiwa hakuna dalili yoyote ndani yake, swali lako halikuwa limeligusa jambo lililowaangusha, na mwaka ujao libadilishe.

Watabaki wachache ambao muhula huu hawauwezi kwa sababu zisizohusu darasa: mgonjwa wa kuuguza nyumbani, ujauzito wenye matatizo, ada ambayo mnada haukuileta. Usiwaache wapotee kimya. Wasaidie kuandika barua ya kuahirisha masomo na kuipeleka kwa idara kabla muda uliowekwa na chuo haujapita, wakiambatisha uthibitisho, na wabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Aliyeahirisha kwa utaratibu nafasi yake inamsubiri; aliyetoweka ataandikiwa kwamba ameacha chuo, na kurudi kwake kutaanzia kwenye udahili mpya.